Mitaa na Msikiti wa Tongoni

Wasikilizaji wetu, safari tuliyowaandalia leo ni fupi. Twatoka Tanga mjini, twashika njia ya Pangani kuelekea kusini, na kabla hatujatimiza kilometa 20 twaiacha njia kuu na kugeukia mkono wa kushoto, upande wa baharini. Twapita minazi, twapita nyumba za wavuvi, na mbele yetu twaona mikoko na maji ya hori la Mtangata. Hapo, karibu kabisa na maji, pana magofu ya msikiti wa mawe, na kandokando yake makaburi yapatayo 40. Hapo ndipo Tongoni.

Wako watu wengi wa Tanga waliokwenda Pangani na kurudi mara wasizozihesabu, wala hawajashuka garini kwenda kupatazama. Hatuwalaumu. Mtu akiambiwa habari za magofu hudhani ataonyeshwa jumba la mfalme au ngome yenye mizinga, na Tongoni hapana jumba wala mzinga; pana msikiti na makaburi, basi. Lakini sisi twaona kwamba katika pwani yote ya Tanga hapana mahali panapomfikirisha mtu kama hapo, na sababu yake ni swali moja ambalo mgeni hulitoa mara tu apumzikapo kivulini. Msikiti huu twauona, na waliokufa twayaona makaburi yao. Je, walio hai walikaa wapi? Mitaa yao i wapi?

Ili swali hilo lipate kueleweka, na tupige mfano wa mbali kidogo. Katika Uingereza, mji mkubwa unapopanuka humeza vijiji vilivyokuwa kando yake, navyo hugeuka kuwa mitaa ya mji. Ndivyo kijiji cha Headington kilivyoingia katika mji wa Oxford. Mtu akienda huko leo ataona barabara za lami, maduka, magari, na nyumba za matofali zilizojengwa juzi juzi. Lakini katikati ya hayo yote lasimama kanisa la mtaa, la St Andrew, ambalo sehemu yake ya kale kabisa ni ya karne ya 12. Njia zimebadilishwa, mashamba yamekwisha, kanisa li palepale. Tena tangu mwaka 1538 makanisa ya Uingereza yaliamriwa kuweka madaftari ya waliobatizwa, waliooana na waliozikwa. Basi mwenye kutaka habari za watu wa mtaa fulani hufungua daftari, akatoka nje akasoma majina juu ya makaburi, na kazi yake imekwisha nusu.

Neno letu mtaa lafaa sana hapa. Mtaa ni sehemu ya mji, yaani nyumba na njia zake. Na Wakristo wa Kianglikana wa nchi hii hulitumia neno lilo hilo kwa kanisa na watu wote walio chini ya kanisa hilo. Waislamu nao, japo hawakulitumia kwa namna hiyo, wajua vema ya kuwa mtaa una msikiti wake na msikiti una watu wake. Mahali pa kusalia na mahali pa kukaa ni kama uso na mgongo wa kitu kimoja.

Tongoni uso umebaki, na mgongo hauonekani. Hapana njia, hapana ukuta wa nyumba, hapana daftari. Hata jina la mji limetoka, maana tongo katika Kiswahili cha kale ni mahali palipohamwa, mahame. Na Tongoni ni kusema mahameni. Jina hilo halikutolewa na waliojenga msikiti. Hapana mtu ajengaye mji akauita mahame. Limetolewa na waliokuja baadaye, wakakuta kuta zimeota miti, wakapaita kwa kile walichokiona.

Sasa na tuyaangalie mawe yenyewe, kwa kuwa mawe ndiyo daftari tulilo nalo.

Msikiti umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kama ilivyo misikiti yote ya kale ya pwani hii tangu Lamu mpaka Kilwa. Mawe ya namna hii ni ya aina mbili, na mafundi wa zamani walijua tofauti yake. Yako yale ya nchi kavu, ambayo ni mwamba wa matumbawe yaliyokufa zamani za zamani. Hayo ni magumu na yenye ncha, hufaa kwa ukuta mnene, huchanganywa na chokaa na kupangwa bila kuchongwa sana. Na yako yale yakatwayo baharini yangali hai, chini ya maji. Hayo yakiwa bado na unyevu huchongeka kama muhogo, na yakikaa hewani hukauka yakawa magumu. Ndiyo yaliyotumiwa mahali pa kazi ya uzuri, kama vile tao la mihirabu na miimo ya milango. Chokaa nayo ilitoka katika matumbawe hayo hayo. Magogo yalipangwa duara, moja juu ya jingine, mawe yakawekwa juu yake, moto ukawashwa, ukawaka mchana na usiku hata mawe yakawa unga. Unga huo ulitiwa maji, ukaachwa miezi mingi uive kabla ya kutumiwa.

Paa lilikuwa la sakafu ya mawe na chokaa, nayo ilichukuliwa na boriti za mikoko. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: boriti ya mkoko haipati kuwa ndefu vya kutosha. Ikiwa itabeba uzito wa sakafu, nafasi kati ya ukuta na ukuta haiwezi kuzidi sana mita 2 na nusu au 3. Kwa hiyo vyumba vya nyumba za mawe za pwani ni vyembamba na virefu, na kwa hiyo misikiti yake ina nguzo nyingi ndani. Wageni wengine walioandika habari hizi walidhani kwamba wajenzi hawakujua kujenga ukumbi mpana. Walijua. Mti wenyewe ndio uliowapa kipimo.

Hebu tufikiri ni watu wangapi waliohitajika. Palihitajiwa wapiga mbizi wa kukata matumbawe, na mashua za kuyaleta pwani maji yakijaa. Palihitajiwa wakata magogo, na wasimamizi wa tanuu, na wachota maji, na wakata boriti, na fundi mwenye kujua kibla, ambayo kwa bahati huku kwetu ni kazi nyepesi, kwa kuwa Makka i kaskazini kabisa ya Tanga. Palihitajiwa na mtu wa kuwapikia wote hao. Mtu mmoja aweza kujijengea kibanda, lakini hapana mtu mmoja awezaye kujijengea msikiti wa mawe. Tukiuona msikiti, basi, twajua pasipo shaka kwamba palikuwa na mji wa watu wa kazi mbalimbali, wenye kusikilizana, na wenye akiba ya chakula.

Na watu hao walilala wapi? Jibu ni jepesi, wala halina haja ya kuchimba sana. Walilala katika nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti, kama walivyolala watu wa pwani hii wengi mpaka siku za karibuni. Katika miji mingi ya Waswahili nyumba za mawe zilikuwa za matajiri wachache, na mitaa mizima ilikuwa ya fito na udongo. Nyumba ya namna hii ni nzuri, ina baridi mchana, na mtu na jirani zake waweza kuisimamisha kwa siku chache. Lakini ikiachwa bila kukandikwa, mvua ya masika huirudisha chini. Baada ya miaka 10 huoni ila tuta dogo la udongo mwekundu, na baada ya 50 huoni kitu, ila ukipiga jembe ukatoa vigae vya vyungu. Mitaa ya Tongoni haikuchukuliwa na adui wala haikumezwa na bahari. Imelala chini ya nyayo za mgeni anayeitafuta.

Tuje kwenye makaburi. Hapa Tongoni yaishinda miji yote. Katika makaburi hayo 40, zaidi ya 20 ni yale yenye nguzo, na hapana mahali pengine katika pwani yote ya Afrika ya Mashariki palipokusanya makaburi ya nguzo mengi hivyo pamoja. Kaburi la nguzo ni ua wa mawe wa pembe nne, na upande mmoja wa ua huo huinuka nguzo, nyingine ya mviringo, nyingine yenye pembe nyingi. Yako ya namna hiyo Malindi, Gedi, Kaole karibu na Bagamoyo, na Kunduchi. Wala si desturi iliyoletwa kutoka Arabuni au Uajemi, maana huko hayako kwa namna hii. Ni desturi ya pwani hii, imezaliwa hapa. Nguzo nyingi za Tongoni zimeanguka, na vipande vyake vimelala nyasini. Hilo si ajabu, kwa kuwa nguzo ndefu ya matumbawe ikikosa kuangaliwa hula chumvi na mizizi ya miti. Nguzo mashuhuri ya Mambrui, kaskazini ya Malindi, nayo ilianguka mwaka 1934.

Ukizitazama nguzo za Tongoni kwa karibu utaona vishimo vya mviringo, vikubwa kama kiganja kilichokunjuliwa au zaidi kidogo. Mlikuwamo mabakuli ya Kichina. Waliojenga kaburi waliyapachika katika chokaa ikingali mbichi, uso wa bakuli ukitazama nje, ili ling'ae juani. Bakuli hilo lilitoka katika tanuu za Uchina, likapita mikononi mwa wafanya biashara wa Bara Hindi na Ghuba ya Uajemi, likafika huku pamoja na nguo na shanga. Na badala ya kuliweka mezani, mtu alilitoa kwa maiti wake. Ni kwa mabakuli na vyombo vya namna hiyo kwamba wataalamu waliweza kukisia umri wa mji, maana Wachina walibadili rangi na maua ya vyombo vyao kila enzi. Kwa hiyo husemwa kwamba msikiti na makaburi ya Tongoni ni ya karne ya 14 na ya 15. Leo mabakuli hayo yameng'olewa. Yaliyobaki ni vishimo.

Daftari la pili liliandikwa na wageni. Mwanzoni mwa Aprili mwaka 1498 merikebu tatu za Wareno, chini ya Vasco da Gama, zilikuwa zikipanda kutoka Msumbiji kwenda Mombasa, kutafuta njia ya Bara Hindi. Kabla ya mapambazuko, moja katika hizo, jina lake São Rafael, ikapanda fungu ikakwama. Maji yalipokupwa ikabaki kavu juu ya mchanga. Palipopambazuka wakaona milima mirefu bara, ambayo bila shaka ni milima ya Usambara, wakaipa jina la merikebu yao. Na fungu nalo wakalipa jina hilo hilo. Kisha vikaja vyombo viwili vya wenyeji, kimoja kimejaa machungwa, na mmoja wa wasafiri aliyekuwa akiandika habari za kila siku akasema kwamba yalikuwa mazuri kuliko ya Ureno. Maji yalipojaa merikebu ikaelea, na wenyeji wawili wakakubali kubaki ndani yake mpaka Mombasa.

Hatujui kama yalikuwa machungwa matamu au madanzi. Lakini mtu wa Tanga akisikia habari hii hucheka kidogo, kwa kuwa mpaka leo machungwa ya Muheza husifiwa mbali.

Mwaka uliofuata Wareno walirudi. Safari yao ya kuvuka bahari kutoka Bara Hindi ilichukua karibu miezi mitatu, kwa kuwa waliondoka wakati usio wa pepo, na ugonjwa wa fizi uliwaua watu kama 30. Waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Basi katika Januari mwaka 1499 wakaja kutia nanga penye fungu lile lile, wakaihamisha shehena ya São Rafael katika zile nyingine mbili, wakaitia moto. Walipokuwa hapo, watu wa mji uliokuwa mbele yao waliwaletea kuku wengi, wakabadilishana nao kwa mashati na bangili. Na mwandishi yule akaliandika jina la mji, kwa kadiri sikio lake la Kireno lilivyolishika: Tamugata. Ndio huu Mtangata wetu, ambao jina lake li hai katika hori mpaka leo.

Jambo hilo dogo la kuku na mashati sisi twalipenda kuliko vita vyote vilivyoandikwa baadaye. Katika habari nyingi za Wareno miji yetu hutajwa ili kusemwa ilitoa kodi ngapi au ilichomwa siku gani. Hapa, kwa kitambo kidogo, twaona mtaa. Kuku wengi namna ile hawatoki katika jumba la mfalme. Hutoka katika nyua za nyumba nyingi. Mama mmoja aliwatoa wawili, jirani yake watatu, mtoto akatumwa kuwafunga miguu, mashua ikateremshwa. Na mashati ya Kireno yakavaliwa Mtangata wiki hiyo, katika njia zile ambazo leo hatuzioni.

Yaliyofuata na tuyapite upesi. Habari za Wareno za karne ya 16 zautaja Mtangata miongoni mwa miji iliyokuwa rafiki zao, kwa kuwa haukupatana na Mombasa. Urafiki huo haukuupa maisha marefu. Biashara ilihama, vita vya Mombasa havikwisha, na Ngome ya Yesu ilipoangukia mikononi mwa Waarabu wa Omani mwishoni mwa mwaka 1698, Wareno walikuwa wamekwisha nguvu katika pwani hii. Wakati huo au karibu nao Mtangata ukahamwa.

Katika karne ya 18 wakaja watu wengine. Yasemekana walitoka Kilwa, nao wakakaa karibu na magofu, wakapaita mahali hapo Sitahabu. Neno hilo latoka katika Kiarabu, na maana yake kwao ilikuwa ni kwamba hapa ni afadhali kuliko kule tulikotoka. Wenye kujua habari za Kilwa za siku zile hawatashangaa. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alipatana na Sultani wa Kilwa kwamba atanunua watumwa 1,000 kila mwaka, na kabla ya karne kwisha Waomani nao waliutia mji huo mkononi. Mtu aliyechukua watoto wake na kupanda mashua kwenda kukaa kati ya makaburi ya watu asiowajua, na bado akasema afadhali hapa, alikuwa na sababu zake.

Basi Tongoni pana mahali pamoja penye majina matatu. Mtangata ni jina la waliojenga. Sitahabu ni jina la waliokimbilia. Tongoni ni jina la watazamaji, nalo ndilo lililoshinda.

Mwanzoni mwa mwaka 1857 alifika hapo Mwingereza Richard Burton, yule aliyeandamana baadaye na Speke mpaka Ziwa Tanganyika. Alikuwa akipita pwani kutoka Mombasa kuelekea Pangani, na kutoka huko akaenda Fuga kumwona Kimweri, mfalme wa Washambaa. Katika makaburi ya Tongoni aliona kigae cha kung'aa kilichopachikwa katika kaburi moja, na juu yake maandishi ya Kifursi, maneno mawili matatu yenye maana ya jua liangazalo. Burton alikichukua kigae hicho kikaenda Uingereza.

Kigae hicho ndicho kilichozua ubishi ambao haujatulia mpaka leo. Kwa muda mrefu, katika siku za serikali ya Wadachi na baadaye ya Waingereza, waandishi wengi walisema kwamba miji ya mawe ya pwani ilijengwa na wageni, Waajemi wa Shirazi au Waarabu, na kwamba wenyeji walikuwa watu wa kuchukua mawe tu. Kigae cha Tongoni kiliwafaa sana, kwa kuwa maandishi ya Kifursi katika pwani hii ni adimu mno. Nasi watu wa pwani wenyewe tulisaidia, kwa kuwa wazee wengi hupenda kusimulia habari za babu waliokuja kwa majahazi kutoka Shirazi. Hapana mtu asiyependa babu aliyekuja kwa jahazi.

Sisi hoja hiyo hatukuikubali hata kabla ya uchunguzi wa karibuni, kwa sababu moja nyepesi. Ikiwa kigae kimoja cha Kifursi chatosha kuwafanya watu wa Mtangata kuwa Waajemi, mabakuli ya Kichina katika nguzo zile yote yangewafanya kuwa Wachina mara nyingi zaidi. Mtu hununua kitu kizuri kutoka mbali kwa kuwa ni kizuri na kwa kuwa kimetoka mbali. Wachimbaji wa mambo ya kale walipochimba katika miji mingi ya pwani, waliona kwamba chini ya kuta za mawe pana tabaka za nyumba za udongo zilizotangulia, na vyungu vyake ni vya namna moja na vyungu vya wenyeji wa bara iliyo karibu. Msikiti wa mawe mara nyingi umesimama juu ya msikiti wa miti. Kwa hiyo mtaa wa udongo ndio mkubwa, na msikiti wa mawe ni mtoto wake.

Lakini haifai nasi tukaegemea upande mmoja kupita kiasi. Mwaka 2023 ulitolewa uchunguzi wa mifupa ya watu wa zamani waliozikwa katika miji kadha ya pwani, kama vile Mtwapa, Manda na Kilwa, ambamo wataalamu walisoma asili ya marehemu katika chembe za mifupa yao. Tongoni haikuwa miongoni mwa miji iliyochunguzwa. Waliona kwamba kwa upande wa mama watu hao walikuwa karibu wote wa Afrika, na kwa upande wa baba wengi walikuwa na asili ya Asia, hasa Uajemi, na kwamba kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Wazee, basi, hawakusema uongo wote kuhusu jahazi. Kosa lilikuwa kwamba katika masimulizi yao, na zaidi katika vitabu vya wageni, waliokuwa wakiwangojea wenye majahazi hayo pwani hawakutajwa jina. Lugha ambayo watoto wao waliisema ilikuwa ya mama zao. Na nyumba walizolelewa zilikuwa za mitaa ile ya udongo.

Sheria ya kwanza ya Tanganyika ya kuhifadhi majengo ya kale ilitungwa mwaka 1937. Idara ya Mambo ya Kale ilianzishwa mwaka 1957, na mkuu wake wa kwanza, Neville Chittick, ambaye baadaye alichimba Kilwa, alishughulika na Tongoni katika miaka hiyo. Sheria nyingine kubwa zaidi ikafuata mwaka 1964. Magofu yanalindwa na serikali. Hata hivyo pana adui mmoja asiyesoma sheria, naye ni bahari. Maji yamekuwa yakimega ufuko karibu na magofu, na mahali mikoko ilipokatwa yanamega upesi zaidi, maana mizizi ya mikoko ndiyo ishikayo tope. Wazee waliojenga waliikata mikoko kwa boriti, kweli. Lakini waliikata kwa shoka na kwa jengo moja moja. Katika miji mingine ya pwani kuta za kale zimekwisha kuanguka baharini, na wenye kuijua Tongoni wanapima kila mwaka hatua zilizobaki.

Wako wakazi wa huko ambao huja makaburini kuomba dua na kufanya matambiko, ingawa hawawezi kumtaja hata mmoja wa waliozikwa hapo. Wasomi wengine huwacheka. Sisi twaona kwamba kwa kuangalia watu wanaoendelea kufika mahali hapo kwa haja zao, na si kwa matembezi, msikiti huu una mtaa bado.

Mwenye kutaka kwenda na aende asubuhi, jua lisiwe kali, na amwone kwanza mlinzi wa mahali. Asiokote kigae wala kipande cha chokaa, hata kikiwa kidogo. Kile cha Burton kinatosha. Na akitoka magofuni asipande gari mara moja, bali apite kijijini kwa miguu. Siku hizi nyumba nyingi ni za matofali na mabati, lakini akibahatika ataona moja iliyo katika kujengwa kwa namna ya zamani: nguzo zimesimama, fito zimefungwa kwa kamba, na jirani wamekuja na maji na udongo, wanakandika.